Sura ya Saba: Ndugu Mdogo wa Mkonge

Hapa Ilomba, mjini Mbeya, mkonge wa mistari haufi kwa kiu. Unakufa masika, kati ya Januari na Aprili, ukiwa umeshiba maji, na mwenyewe huja kugundua baada ya wiki kadhaa: anashika jani la katikati, linang'oka lote mkononi bila kuvutwa, na chini yake pana rojo la rangi ya chai lenye uvundo. Majani ya nje bado yana rangi zake, kijani na ukingo mweupe, na kwa mbali mmea unaonekana mzima. Hapo lawama huanza kutafutiwa mahali pa kutua: jua lilikuwa kali, udongo ulikuwa mbaya, jirani ana jicho. Nimeshuhudia mmea wa aina hii ukililiwa kwa maneno mazito, huku chungu chake kimesimama ndani ya sahani iliyojaa maji.

Ninaouzungumzia ni ule unaouzwa na vijana wa vitalu vya maua, ukiwa ndani ya kiriba cheusi au kopo tupu la rangi. Majani yake ni membamba na magumu, yamejipanga kwa mzunguko. Kila jani lina kijani katikati, ukingo mweupe au wa rangi ya maziwa, vijino vidogo pembeni na mwiba wa kahawia nchani. Kitaalamu ni Agave angustifolia, aina ya ‘Marginata’. Ukiuliza jina pale kitaluni utajibiwa, "Hiyo alovera ya kizungu, dada, wala haisumbui." Kwamba haisumbui ni kweli kiasi. Kwamba ni alovera si kweli hata kidogo, na kosa hilo lina hatari yake, nitalifikia.

Udogo wake nao usikudanganye, kwa sababu ni wa chungu. Ukiupanda ardhini mahali penye jua utafika karibu mita moja kwenda juu, utatanuka zaidi ya hapo kwa upana, na watoto wa nyumba hiyo watajifunza kupita mbali nao. Ipo mikonge ya mistari iliyo midogo kwa asili. Wajapani wanao mmoja uitwao Kissho Kan ambao hauzidi sana sentimita 40. Lakini kwetu unaopatikana kirahisi ni huu wa kopo la rangi, na anayeweza kuulea huu ataweza kuilea hiyo mingine pia.

Ili kuuelewa, anza na mkubwa wake. Jamii yote ya Agave asili yake ni bara la Amerika, na Mexico ndiko ilikojaa. Mkonge wa katani, Agave sisalana, uliingia kwetu mwaka 1893, pale Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alipoletewa miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliagizwa miche 1,000. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Hapo ndipo ulipoanzia mkonge uliokuja kutapakaa Tanga, Muheza, Korogwe na Morogoro, na kufikia mwaka 1964 Tanzania ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 za katani, ikiwa miongoni mwa vinara wa dunia.

Katika kuenea kote huko hakuna aliyehangaika na mbegu. Mkonge wa katani ni nadra sana kukomaza mbegu. Hupandwa kwa vikonyo, vile vimiche vinavyoota kwenye matawi ya mlingoti wa maua baada ya maua yenyewe kuanguka, na kwa maotea yanayochomoza kando ya shina kutoka kwenye vijishina vinavyotambaa chini ya udongo. Kikonyo au oteo ni mama yake yule yule, hakijachanganyika na damu nyingine. Liweke hilo akilini, maana huu wa mistari unategemea jambo hilo hilo ili mistari isipotee.

Kuna undugu wa karibu zaidi ya huo, na watu wengi hawaujui. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Waingereza walipoichukua nchi, kazi iliendelea. Ulikutwa pale mkonge wa majani mapana ya rangi ya samawati, usio na vijino pembeni, ambao mwaka 1933 wanasayansi waliuandika rasmi kwa jina la Agave amaniensis, yaani wa Amani. Watafiti wakauzalisha na Agave angustifolia, halafu chotara aliyepatikana wakamrudisha tena kwa amaniensis. Mche mmoja wa uzao huo ulipewa namba 11648, na namba hiyo ndiyo iliyobaki kuwa jina lake. Mkonge wa kawaida hutoa majani kati ya 200 na 250 katika maisha yake yote. Chotara 11648 hufikisha kama 600. Kituo cha Mlingano, wilayani Muheza, kiliendeleza kazi hiyo, na mche huo ukavuka mpaka China, ambako hadi leo unalimwa mashamba kwa mashamba. Sasa huyo angustifolia aliyechangia robo ya damu ya chotara maarufu ndiye huyu huyu wa kopo la rangi, tofauti ni mistari tu. Anayedhani amenunua pambo la kigeni lisilo na historia hapa nchini, historia yake iko Muheza.

Na iko Njombe vilevile. Nyanda za Juu Kusini hazikulima mkonge kwa wingi, lakini zilitoa watu wa kuukata. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, na vijana wa Kibena walikuwa miongoni mwa waliosafirishwa kwa wingi kwenda Tanga na Morogoro kuwa manamba. Kazi ilikuwa kukata jani, kuuondoa mwiba wa nchani, kufunga matita ya majani 30 na kuyapanga kwa kipimo. Asiyetimiza kipimo, kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, hakikutiwa alama siku hiyo. Ziko familia huku ambazo babu alilijua jani hili kwa makovu ya mikono, na mjukuu analinunua leo ili kupamba baraza. Sioni ubaya. Ila naamini babu huyo angeulea huu mdogo vizuri kuliko vitabu vingi vya maua, kwa sababu alijua kwamba mkonge haupendi kubembelezwa.

Lakini naye angehitaji kuongezwa mambo mawili: hali ya hewa ya Ilomba, na ule weupe.

Nianze na hali ya hewa. Tanga hupata mvua nyingi kuliko Mbeya: zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, wakati mji wetu hupata kama 900. Maji yangekuwa ndiyo adui, mkonge usingestawi Tanga. Tofauti ni joto. Kule mvua inanyesha udongo ukiwa na joto, mizizi iko kazini, maji yananyweka au yanakauka, na shamba lenyewe limechaguliwa mahali ambapo maji hayatuami. Ilomba iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua inaanza Novemba, inakazana Desemba mpaka Machi, mawingu yanalala juu ya mji siku nyingi mfululizo, na usiku ni wa baridi. Udongo ndani ya chungu uliolowa Jumatatu bado umelowa Jumatatu ya pili. Hewa haiingii, mizizi inadhoofu, na kuvu wanaoozesha wanapata walichokuwa wanakingoja. Mmea unauawa na maji, baridi na chungu kisichopumua vikikutana. Ukiondoa kimojawapo, mara nyingi unapona, na kwa kuwa baridi ya Mbeya hatuwezi kuiondoa, kazi yetu ni maji na chungu.

Namna mkonge unavyopumua inaeleza mengi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, ikivuta hewa ukaa huku ikipoteza maji juani. Mkonge hufanya kinyume. Mchana unafunga, usiku, jua limetua na hewa imepoa, unafungua, unavuta hewa ukaa, unaihifadhi ndani ya jani kwa njia ya asidi, halafu kesho yake mwanga ukija unaitumia kupika chakula milango ikiwa imefungwa. Kwa hiyo usiku wetu wa baridi ya wastani hauudhuru mkonge, mradi uwe mkavu. Kipupwe cha Juni na Julai, joto la usiku linaposhuka chini ya nyuzi 10, majirani wakifunika mboga zao, mkonge mkavu uko salama. Aliye Makete au kwenye miinuko ya Kitulo, ambako sakitu hutanda asubuhi juu ya nyasi, aulaze ndani. Ilomba hakuna haja.

Sasa weupe. Kwenye kitovu cha mmea, pale majani yanapozaliwa, seli zimepangwa kwa tabaka. Katika mkonge huu tabaka mojawapo limepoteza uwezo wa kutengeneza klorofili, ule ukijani unaopika chakula kwa nguvu ya jua. Tabaka hilo ndilo linalojenga ukingo wa jani, kwa hiyo ukingo unatoka mweupe. Tabaka la ndani ni zima, nalo linajenga kijani cha katikati. Ni mimea miwili ndani ya ngozi moja, mmoja unafanya kazi na mwingine unakula tu. Ndiyo maana unakua polepole kuliko ndugu yake wa kijani kitupu, na ndiyo maana kuuharakisha kwa mbolea ya dukani ni kujitafutia hasara: yurea itakupa majani marefu, laini, yanayolala, na mengine yatapasuka. Kijiko cha majivu ya kuni mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Septemba, kinatosha. Majivu yana potasiamu na chokaa, na mikonge hupenda chokaa. Udongo mwingi wa nyanda za juu una asidi kuliko inavyotaka.

Weupe huo pia hauna kinga dhidi ya jua. Ukiutoa mmea ndani ya duka lenye giza au chini ya kivuli cha kitalu ukauweka ghafla kwenye jua la saa saba la Oktoba, ukingo unababuka madoa ya kahawia, na doa la jani la mkonge halifutiki; utaishi nalo mpaka jani hilo lizeeke. Uzoeshe kidogo kidogo: wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, wiki ya pili liongeze hadi saa nne, na kuendelea. Lakini usiogope jua kiasi cha kuuficha. Mkonge wa mistari uliokaa sebuleni miezi sita, mbali na dirisha, hurefusha majani kuutafuta mwanga, ukawa mwembamba na mlegevu, na umbo hilo halirudi tena. Wanaouza maua ya ndani hawapendi kusema hivyo. Huu ni mmea wa baraza.

Baraza ya upande gani, basi? Hili wengi hawalifikirii, na ndilo linaloamua kila kitu. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Katikati ya Oktoba jua la saa sita hupita utosini. Kuanzia hapo mpaka mwishoni mwa Februari linaegemea kusini, kisha linapita tena utosini na kuhamia kaskazini, ambako linakaa mpaka Oktoba nyingine. Kwa maneno mengine, katika kipindi chote cha kiangazi na kipupwe jua la mchana liko kaskazini, upande wa safu ya milima ya Mbeya, Loleza na wenzake. Ukuta wa nyumba yako unaotazama milima hiyo ndio unaopata jua Juni na Julai, na kwa kuwa jua limeinama kidogo, linaingia hata chini ya upenu na kukifikia chungu kilichowekwa sakafuni. Ukuta wa nyuma miezi hiyo una kivuli na baridi tupu.

Novemba mambo yanageuka. Upande wa milima unakosa jua karibu mchana kutwa, na mvua inaanza. Uhamishie mkonge upande wa mashariki, chini ya upenu. Asubuhi za masika jua huchomoza mara nyingi kabla mawingu hayajajikusanya, na mvua kubwa huja baada ya saa nane. Kwa hiyo upande wa mashariki unapata jua la asubuhi na kukwepa mengi ya yanayofuata. Angalia chini, utaona mstari wa vishimo ambao matone ya bati yameuchimba kwenye udongo. Chungu kikae ndani ya mstari huo, karibu na ukuta, wala kisiwe juu yake. Bati linalodondosha maji moja kwa moja kwenye kitovu cha mkonge kwa miezi minne litamaliza kazi bila msaada wa mtu. Kama nyumba ni ya kupanga na upenu ni mfupi, kipande cha bati jeusi la plastiki, lile lisilopitisha mwanga, hakifai kuufunikia mmea. Tafuta lile jeupe linalopitisha mwanga.

Kwenye udongo Mbeya tumebahatika kuliko watu wengi, na sidhani kama tunalitambua. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya sana miaka ipatayo 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi yenye vitundu juu ya eneo kubwa, na Ngozi kabla yake ilikuwa na milipuko yake. Ukisafiri kutoka Uyole kwenda Tukuyu, mahali barabara ilipokata kilima utaona tabaka lake ukutani, kijivu cha manjano, punje kwa punje. Ni ndugu wa lile jiwe la kusugulia visigino. Wapenzi wa mimea ya aina hii katika nchi nyingine hununua mawe hayo kwa mfuko, yakiwa yamesafirishwa kutoka mbali. Chekecha upate punje za ukubwa wa mahindi na harage, tupa unga. Changanya sehemu mbili za punje hizo, sehemu moja ya udongo wa kawaida, na nusu sehemu ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Ukikosa mawe hayo tumia chenga za kokoto na mchanga wa mtoni wa punje kubwa. Chenga za mkaa zikiingia kidogo haidhuru. Mchanga laini wa kupigia lipu usiuguse. Unashikamana, unaziba, na ni mbaya kuliko udongo mtupu.

Chungu nacho tunacho. Wakisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, wamekuwa wakifinyanga vyungu tangu zamani, na vyungu vyao hupanda kutoka Kyela hadi masoko ya Mbeya. Ni vyungu vya kupikia, vya udongo usiopakwa kitu cha kuuziba, na hilo ndilo tunalolitaka: maji yanapita ukutani na kukauka nje. Kasoro ni kwamba havina tundu chini. Kiloweke usiku kucha, kilaze kichwa chini juu ya gunia, kisha toboa taratibu kwa msumari wa zege na nyundo ndogo, ukizungusha, bila haraka. Toboa matatu. Kitakachopasuka, na kimoja lazima kitapasuka, kivunje vigae uviweke chini ya udongo juu ya matundu ili usimwagike. Chagua chungu kinachozidi upana wa mizizi kwa vidole viwili tu. Chungu kikubwa hubaki na maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyanywa, na hapo tunarudi kwenye rojo la rangi ya chai.

Kuhusu kumwagilia sina maneno mengi. Kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, asubuhi, pembeni mwa shina, mpaka maji yatoke chini. Kisha sahani itolewe. Kipupwe, mara moja kwa mwezi au usimwagilie kabisa. Masika, acha. Kama una wasiwasi, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache kidogo, kitoe: kikitoka na tope au unyevu, weka kopo chini. Mkonge wenye kiu ya kweli huonyesha. Majani ya chini yanasinyaa na kujikunja kidogo kwa urefu, na ukiumwagilia yanajaa tena baada ya siku chache. Uliooza haujai. Vumbi la malori yaendayo Tunduma lifute kwa kitambaa chenye maji, kutoka shinani kwenda nchani; ukirudi kinyume vijino vitakufundisha.

Kama umeoza lakini juu bado kugumu, kuna jaribio moja. Ung'oe, kata kwa kisu kikali mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na doa, paka unga wa mkaa, uache kivulini wiki nzima ukauke jeraha, kisha usimamishe juu ya punje kavu bila kuumwagilia mpaka uone mizizi. Wakati mwingine hupona.

Maotea ndiyo raha yenyewe ya kufuga mmea huu, na hapa weupe unarudi tena. Mama mwenye mistari anaweza kutoa oteo la mistari, oteo la kijani kitupu, au oteo jeupe lote. Hilo jeupe ni zuri kuliko yote na ndilo litakalokutia tamaa. Linaishi kwa kunyonya kwa mama, na siku utakayolitenga litaanza kufa. Liache pale pale kama pambo. La kijani kitupu litoe mapema, kwa sababu linakua haraka kuliko mama na baada ya miaka miwili chungu kitakuwa chake. La mistari subiri liwe na upana wa kiganja, kisha mwezi Agosti fukua pembeni, kata kijishina kinacholiunganisha na mama, liache kivulini siku tano au sita mpaka pale ulipokata pakauke kabisa, ndipo ulipande kwenye udongo mkavu. Maji ya kwanza ni baada ya wiki moja. Agosti inachaguliwa kwa sababu oteo linapata miezi mitatu ya kushika mizizi kabla ya Novemba. Wanaotenga Januari, wakiona mvua ni baraka ya kupandia kama mahindi, hupoteza mengi.

Kukata jani moja na kulipanda, kama watu wafanyavyo kwa mimea mingine yenye majani manene, hakufai hapa. Jani la mkonge halitoi mche.

Magonjwa ni machache. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, hujificha kwenye mikunjo ya majani. Pamba iliyochovywa spiriti huwamaliza ukirudia kila wiki kwa mwezi. Anayetisha ni fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anayejulikana sana na watu wa mashamba ya katani. Hutaga shinani, viluwiluwi wanakula ndani, na mmea unaanguka siku moja ukiwa umekatika kwa chini. Ukimkuta, choma mmea wote, na udongo wake uukaushe kwa moto. Usimpe jirani maotea.

Sasa ile alovera. Alovera ndiyo shubiri; shubiri na ndugu zake asili yao ni Afrika na Arabuni, na majani ya baadhi yao hutumika kwa ngozi. Mkonge ni wa Amerika na maji ya jani lake yana vijisindano vidogo sana vya kalsiamu, visivyoonekana kwa macho, vinavyochoma ngozi na kuiwasha kwa saa nyingi. Nimesikia mama mmoja akishauriwa na muuzaji aukamue kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Asikamue. Namna ya kutofautisha ni rahisi: vunja jani lililokauka chini ya mmea. La shubiri linavunjika kama karatasi. La mkonge linakataa, linabaki likining'inia kwa nyuzi. Ukikata maotea vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, usiguse macho, na maji yakikurukia nawa kwa sabuni mara moja.

Mwiba wa nchani ni hatari ya kweli kwenye nyumba yenye watoto, kwa kuwa urefu wa mkonge wa chungu ni urefu wa jicho la mtoto anayetambaa. Fanya walivyofanya manamba: kata ncha tu, milimita mbili tatu, kwa mkasi wa kucha. Jani halikauki kwa hilo, na baada ya mwezi huoni tofauti.

Mlingoti utakuja siku moja. Kwenye chungu huchelewa sana, ardhini huwahi. Kitovu kinaacha kutoa majani, kinanyooka, na ndani ya wiki chache kinakuzidi kimo, unakitazama kwa kuinua kichwa. Watu hukimbilia panga ili kumwokoa mama. Haokoleki; mkonge hutoa maua mara moja kisha hufa, ukate usikate. Uache. Maua yakianguka, vikonyo vitaota kwenye matawi kwa makumi, na vikifika urefu wa kidole vitaanza kudondoka vyenyewe. Vikusanye kwenye sinia uvichambue kwa mwanga wa mchana. Vya mistari vipandwe kwenye viriba, na majirani wataanza kuja wenyewe kuomba. Vyeupe vyote havitaishi. Vya kijani kitupu usivitupe: vipange kwenye mpaka wa kiwanja, mita moja kwa mita moja, na mbuzi wa mtaani watatafuta njia nyingine.